Mbwa, Karatasi na Miezi Sita

Mwaka 2015 mwigizaji wa Marekani Johnny Depp na mkewe wa wakati huo, Amber Heard, waliingia Australia kwa ndege binafsi wakiwa na mbwa wawili wadogo, Pistol na Boo, bila kuwatangaza kwa maofisa. Siri ilifichuka pale saluni ya mbwa ilipotundika picha zao Facebook. Waziri wa Kilimo, Barnaby Joyce, hakuuma maneno: mbwa warudi kwao au wauawe. Wakarudishwa. Mwaka uliofuata Heard alisimama mahakamani akakiri kosa la kutoa hati ya uongo, na mke na mume wakarekodi video ya kuomba radhi iliyozunguka dunia nzima kwa jinsi walivyoonekana kama watoto waliolazimishwa na mwalimu.

Wengi walimcheka waziri. Mtu mzima na cheo chake anahangaika na vijibwa viwili vinavyotosha kwenye mkoba! Lakini kicheko kile kililikosa jambo lenyewe. Hakuna aliyedai kwamba Pistol au Boo alikuwa mgonjwa. Kilichofikishwa mahakamani ni fomu ya abiria, ile watu wanayoijaza harakaharaka ndege ikianza kushuka. Na ukifuatilia jinsi sheria za kuingiza mbwa zilivyobadilika tangu miaka ya 1990, utaona kwamba ugomvi wote umehamia huko kwenye fomu. Banda la karantini limebaki, ila kazi yake siyo ile ya zamani.

Je, ni haki kumfungia kwa wiki au miezi mbwa mzima, aliyechanjwa, ambaye kosa lake ni kupanda ndege? Swali hili linamhusu anayehama Nairobi kwenda kufanya kazi London au Melbourne, na linamhusu pia anayeagiza mbwa wa ulinzi kutoka Afrika Kusini aje kulinda nyumba Dar es Salaam. Majibu yanayotolewa ni mawili na yote yana kelele: wapenda wanyama husema ni ukatili, serikali husema ni usalama. Mimi naona pande zote mbili zinabishana juu ya banda huku uamuzi wenyewe ukifanyika kwingine.

Tuanze na virusi vya kichaa cha mbwa, ambavyo ndivyo vinavyohofiwa. Mbwa aliyeng'atwa leo na mwenye kichaa anaweza kula, kucheza na kulamba watoto kwa wiki kadhaa, mara nyingi mwezi hadi miezi mitatu, na mara chache hata zaidi ya miezi sita. Muda wote huo virusi vinapanda polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni. Hakuna kipimo cha kuaminika cha kumtambua mbwa hai aliyeambukizwa lakini hajaanza kuugua. Vikishafika kwenye ubongo na kumwagika kwenye mate, mambo huenda kasi: ndani ya siku chache dalili zinaonekana na mbwa anakufa. Ndiyo maana mbwa aliyemng'ata mtu huangaliwa kwa siku 10 tu, kwa sababu kama mate yake siku ile yalikuwa na virusi, hatavuka siku hizo akiwa mzima. Kumbe kuna saa mbili tofauti hapa. Saa fupi inauliza kama mbwa huyu ni hatari leo. Saa ndefu inauliza kama atakuja kuwa hatari baadaye, na hiyo huhesabiwa kwa miezi.

Uingereza ndiyo iliyoishi muda mrefu kwa saa ndefu. Kuanzia mwaka 1897, chini ya waziri wa kilimo Walter Long, serikali ililazimisha mbwa kufungwa midomo na ikabana uingizaji wa mbwa kutoka nje. Watu walimchukia Long kwa hilo, lakini mwanzoni mwa karne ya 20 kichaa cha mbwa kilikuwa kimetoweka. Kilirudi mwaka 1918, pamoja na mbwa waliopenyezwa na askari waliotoka vitani, na kikafutwa tena mwaka 1922. Tangu hapo miezi sita ya banda ikawa kama amri ya Musa. Tajiri, maskini, balozi, wote waliwaacha mbwa wao kwenye vizimba wakienda kuwatembelea wikendi. Chris Patten, gavana wa mwisho wa Uingereza huko Hong Kong, hakutaka mbwa wake wawili, Whisky na Soda, wapitie hayo mwaka 1997, wakapelekwa Ufaransa. Gavana aliyekabidhi koloni zima hakuweza kuwavusha mbwa wake mlango wa nyumbani.

Ila hata miezi sita haikuwa ukuta. Mwaka 1969 mbwa aitwaye Fritz, aliyeletwa kutoka Ujerumani na familia ya askari, alimaliza karantini yake, akaachiliwa, na muda mfupi baadaye akapata kichaa huko Camberley, kusini mwa Uingereza. Mamlaka zikaingia msituni na bunduki kuua wanyama pori waliohofiwa kuwa wamekutana naye. Kwa waliotaka sheria ikazwe, Fritz alikuwa ushahidi kwamba miezi sita ni michache. Mimi namsoma tofauti. Fritz anaonyesha kwamba kusubiri peke yake ni kamari ya takwimu, maana ukisubiri bila chanjo na bila kipimo unachofanya ni kungoja uone nani ataanguka.

Mwaka 1998 kamati iliyoongozwa na Profesa Ian Kennedy ilipendekeza njia nyingine, na tarehe 28 Februari 2000 Uingereza ikaanza kuwapokea mbwa wenye chipu chini ya ngozi, chanjo, na kipimo cha damu kinachoonyesha kwamba chanjo imeshika. Kipimo hicho hutafuta kingamwili zisizopungua 0.5, kwa uniti za kimataifa katika kila mililita. Msiba uliotabiriwa haukutokea. Mbwa wengi wamevuka kwa utaratibu huo na Uingereza haijarudi ilikokuwa kabla ya Long.

Magazeti yakaandika kwamba karantini imefutwa. Haikufutwa. Tazama Australia. Mbwa anayetoka katika nchi nyingi zilizoidhinishwa hukaa siku 10 katika kituo cha serikali cha Mickleham, nje ya Melbourne. Kabla ya mwaka 2014 zilikuwa siku 30. Siku 10 zinasikika kama huruma, lakini soma masharti ya nyuma yake: tangu sampuli ya damu ifike maabara hadi mbwa apande ndege, zipite angalau siku 180. Hesabu mwenyewe. Ni miezi sita ileile ya banda la Kiingereza, isipokuwa mbwa anaimalizia kwenye baraza la nyumba yake, kwa gharama ya mwenyewe, na hakuna mlinzi wa serikali anayemwangalia. Zile siku 10 za Mickleham ni za kukagua kupe, minyoo na karatasi. Saa ndefu imehamishiwa nyumbani.

Nauona uhamisho huo kuwa sahihi. Mbwa hateseki, na mabanda hayajazwi mbwa wanaoambukizana kikohozi. Lakini una sharti moja ambalo watu hawalisemi waziwazi: serikali iliyoacha kumlinda mbwa kwa macho yake sasa inamlinda kwa saini ya mtu mwingine, katika nchi nyingine. Mwaka 2023 Australia ililiweka hilo bayana. Mbwa ambaye utambulisho wake umethibitishwa na daktari wa serikali ya kwao kabla ya damu kutolewa hukaa siku 10. Ambaye hakuthibitishwa hukaa 30. Chanjo ni ileile na kipimo kimepita vilevile. Zile siku 20 za ziada ni bei ya shaka kwamba huenda damu iliyopelekwa maabara ni ya mbwa mwingine.

Shaka hiyo haikuzuka hewani. Marekani ilifuta kichaa kinachosambazwa na mbwa mwaka 2007, na katika mwaka 2020 peke yake maofisa wake wa afya walikamata zaidi ya mbwa 450 walioletwa na vyeti vya chanjo vya kughushi au vyenye dosari. Biashara ya watoto wa mbwa ilikuwa imepamba moto wakati wa korona. Juni 2021 mbwa aliyeletwa kutoka Azerbaijan kupitia uwanja wa Chicago akagundulika ana kichaa, na mwezi uliofuata Marekani ikasimamisha uingizaji wa mbwa kutoka nchi zaidi ya 100. Wanaotetea banda la zamani wana hoja nyingine nzuri, nami sitaificha: mwaka 2008 mtoto wa mbwa aliyetoka Sri Lanka alipata kichaa akiwa ndani ya karantini Uingereza. Aliwang'ata watu pale pale kituoni, wakatibiwa, na ugonjwa ukaishia hapo. Banda lilifanya kazi yake. Kwa hiyo sidai livunjwe. Liwepo kwa ajili ya mbwa ambaye karatasi zake hazithibitiki.

Sasa tuje kwetu. Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zimo kwenye orodha ya Marekani ya nchi zenye hatari kubwa. Tangu tarehe 1 Agosti 2024, mbwa aliyechanjwa katika nchi hizo hulazimika kuwa na chipu, umri usiopungua miezi sita, fomu iliyothibitishwa na daktari wa serikali, na nafasi iliyowekwa mapema katika kituo maalumu cha kumpokea. Asipokuwa na kipimo cha damu kinachokubalika, anafungiwa siku 28. Uingereza inataka damu itolewe siku 30 au zaidi baada ya chanjo, kisha miezi mitatu ya kusubiri. Australia ndiyo ngumu kuliko zote: Kenya na Tanzania hazimo kabisa kwenye orodha yake ya nchi zilizoidhinishwa, hivyo mbwa lazima kwanza apelekwe nchi iliyomo na maandalizi yakamilishiwe huko. Damu yenyewe husafirishwa, mara nyingi hadi Afrika Kusini au Ulaya. Na kuna mtego mdogo unaowanasa wengi: chipu itangulie chanjo. Mbwa aliyechanjwa jana na kuwekewa chipu leo atachanjwa upya, na hesabu inaanza mwanzo.

Je, huu ni ubaguzi? Mbwa wa Arusha mwenye chipu, chanjo mbili na kingamwili za kutosha hana hatari kubwa kuliko wa Lisbon mwenye vitu hivyohivyo. Kwake yeye binafsi, orodha haina mantiki. Lakini orodha haimpimi yeye. Inapima ugonjwa uliopo mtaani kwake na uzito wa mhuri uliogongwa kwenye cheti chake. Kuhusu ugonjwa, hatuna pa kujificha. Duniani kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua watu 59,000 kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na karibu wote kwa kung'atwa na mbwa. Kwa Tanzania watafiti waliwahi kukadiria vifo 1,500 hivi kwa mwaka, wengi wakiwa watoto wa vijijini ambao sindano zao zilikuwa mbali au ghali. Ningependa hasira tunayoielekeza kwa ubalozi igawanywe kidogo, nusu iende huko.

Kuhusu mhuri, hapo ndipo ninapoona uzembe wetu. Anayeingiza mbwa Kenya huomba kibali Idara ya Huduma za Mifugo. Tanzania huomba kwa wizara ya mifugo. Masharti yapo, ya cheti cha afya na chanjo, na karatasi zikiwa sawa mbwa hupita. Sioni ubaya kwa hilo. Ubaya ni kwamba tunamkagua kwa bidii mbwa wa uwanja wa ndege, ambaye mwenyewe ametumia fedha nyingi kumchanja na kumpima, wakati ugonjwa haujawahi kuhitaji tiketi ya ndege.

Ushahidi uko Pemba. Kisiwa hicho kiko kilomita 50 hivi kutoka bara, umbali ambao hakuna mbwa anayeogelea. Kampeni za kuwachanja mbwa zilikifuta kichaa kisiwani kufikia mwaka 2014. Mwishoni mwa mwaka 2016 kikalipuka tena. Watafiti, wakiwemo wa Taasisi ya Afya Ifakara, walifuatilia kila aliyeng'atwa na kila mbwa aliyeng'ata, wakasoma vinasaba vya virusi, wakakuta vizazi viwili tofauti. Maana yake ugonjwa haukuwa umejificha kisiwani. Uliingizwa, na zaidi ya mara moja. Hapakuwa na chipu, fomu, wala kipimo cha damu. Yaelekea palikuwa na chombo cha majini na mtu aliyempakia mbwa wake kama anavyopakia mbuzi. Chanjo zikarudishwa kijiji kwa kijiji, na kufikia mwishoni mwa 2018 kichaa kikawa kimefutwa mara ya pili.

Kwa hiyo nikiulizwa kama nchi zetu zijenge vituo vya karantini vya mbwa vya kisasa kwenye viwanja vya ndege, jibu langu ni hapana. Fedha hizo zichanje asilimia 70 ya mbwa wa kila wilaya kila mwaka, kiwango ambacho kazi za chanjo za Serengeti, kaskazini mwa Tanzania, zimeonyesha kinawezekana na kinatosha kuukata mnyororo wa maambukizi. Kila chanjo iandikwe kwenye daftari moja la taifa ambalo ofisa wa Melbourne au Washington anaweza kulihakiki bila kumpigia mtu simu. Na huko Pemba, kwenye bandari za Mkoani na Wete, na kwenye bandari ndogo za mwambao ambako jahazi hushusha mizigo alfajiri, awepo mtu wa kuuliza kadi ya chanjo ya mbwa kabla hajakanyaga mchanga, na mwenye sindano kwenye kisanduku cha barafu kwa ajili ya wale wasio na kadi.