Amin bingwa? Bingwa wa nini?

Jamani wadau, nimechoka na huu ubishi wa vijiweni hapa Bukoba. Zikitajwa ngumi tu, atatokea mtu: "Semeni mtakavyo, Idi Amin alikuwa bondia wa kweli." Sawa. Ubingwa wa Uganda aliushika miaka ya 1950, hilo simnyimi.

Ila lile la 1978 mnalolicheka? Wanajeshi wake wamevuka mpaka, daraja la Kyaka limelipuliwa, raia wanauawa. Yeye anamwita Mwalimu Nyerere ulingoni, eti Muhammad Ali awe refa, na yeye apigane mkono mmoja umefungwa nyuma! Leo mtu na digrii yake ananiuliza nani angeshinda, na kama wangerudiana.

Bondia humpiga aliyevaa glovu. Kengele ikilia, anaacha. Wakulima wa ng'ambo ya mto Kagera walivaa glovu lini? Kengele yao aliigonga nani?

Marudiano yalikuwepo: Kampala ilianguka 11 Aprili 1979. Bingwa wenu hakusubiri kengele, alitimka.

Mnabisha? Nendeni Kyaka mkawaulize wazee. Mkirudi, ndipo tuongelee mikanda.