Mfumo Ulio Wazi Wataka Msomaji

Katika hesabu za darasani, jibu sahihi hubaki sahihi hata likichelewa. Lakini katika kompyuta inayoongoza breki za gari, jibu lililochelewa ni kosa. Ndiyo maana kompyuta za namna hiyo huendeshwa na mfumo endeshi wa wakati halisi, yaani mfumo unaozipa kazi vipaumbele na kuihudumia kwanza ile isiyoweza kungoja.

Mfumo mmojawapo ni FreeRTOS, ulioanzishwa na Richard Barry mnamo mwaka 2003. Maandishi ya programu yake yako wazi: yeyote aweza kuyasoma, kuyatumia na kuyarekebisha bila malipo. Kiini chake kimo katika mafaili matatu tu. Hata hivyo, wapo waundaji wa mitambo wanaouliza, "Mbona kazi yangu iliyo muhimu kuliko zote imekwama?", nao hutaka wapewe mstari wa kunakili, si sababu. Kwa maoni yangu, desturi hiyo ni ya hatari.

Natuitazame sababu yenyewe. Kazi ya chini imeshika ufunguo wa kifaa kinachotumiwa kwa zamu. Kazi ya juu yautaka ufunguo huo, hivyo yangoja. Mara hutokea kazi ya kati, isiyohitaji ufunguo wowote, ikaisukuma kando ile ya chini. Basi mkubwa amezuiwa na mdogo wake.

Hayo ndiyo yaliyokipata chombo cha Marekani, Mars Pathfinder, kilichotua katika sayari ya Mirihi tarehe 4 Julai 1997. Kompyuta yake ilijiwasha upya mara kwa mara. Mfumo wake, VxWorks, ulikuwa mali ya kampuni, lakini wahandisi walikuwa na nakala ya chombo hapa duniani. Waliizalisha hitilafu ile katika nakala hiyo, wakakiona chanzo, kisha wakapeleka rekebisho kwa redio: mwenye ufunguo aazimwe kipaumbele cha anayemngoja.

Katika FreeRTOS, kufuli liitwalo myuteksi huuazima uwezo huo. Semafori ya hali mbili haiuazimi. Viwili hivi hufanana katika matumizi, na anayenakili bila kusoma aweza kuchagua kisichofaa. Mtambo wake utafanya kazi vizuri mezani, kisha ukwame siku unapotegemewa.

Wahenga walisema, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Hatuwakatazi wanafunzi kuuliza. Twawasihi walimu wawazoeze kuuliza kisayansi: mwanafunzi aeleze alitarajia nini, aliona nini, alijaribu nini, na amesoma sehemu gani ya maandishi ya mfumo. Mara nyingi atalipata jibu kabla hajamaliza kuandika swali. Uwazi wa mfumo hautamsaidia mtu asiyeufungua. Shule isiyo na fedha za kununua programu haina udhuru hapa, kwa kuwa kitabu hiki hakiuzwi; kinangoja kusomwa.