Kumbukumbu ya Mwili na Minyoo ya Tumbo

Mwanafunzi aliyeugua surua kwa kawaida haiugui tena, kwani chembe nyeupe za damu huikumbuka. Mbona basi minyoo humrudia? Mwili huikumbuka nayo, na matumbo hutoa ute mwingi ili kuisukuma nje. Lakini kumbukumbu hiyo ni dhaifu, na mnyoo wa safura ni mjanja: hutoa kemikali zinazoilaza kinga. Mwaka 2001 wakaazi wa Unguja, mjini na mashamba, walianza kugawiwa albendazoli na ivermektini dhidi ya matende. Dawa hizo huua pia minyoo ya tumbo, lakini hazikuimaliza. Kidonge hakiufundishi mwili kitu. Kwa maoni yangu, twakosea tunapomwambia mtoto aliyekimeza kuwa amekingika, huku choo cha shule hakina maji.