DAMU YETU NAYO ISOMWE

Mtu aliyepita makamo akianza kujikwaa vizingitini na kugonga miimo ya milango, jamaa zake husema ni uzee, na neno hilo likafunga shauri zima. Mara nyingi si uzee tu. Huenda ni glakoma, ugonjwa ambao wengi wetu twauita presha ya macho. Aina yake iliyoenea zaidi kwetu haiumi wala haiwashi. Huanza kula pembeni, ikiacha katikati pakiona vema, hata fundi cherehani huendelea kutunga uzi sindanoni huku neva ya jicho lake inakufa. Kilichokufa hakirudi, dawa na upasuaji huzuia tu kisizidi.

Ugonjwa huu huongezeka kadiri umri uongezekavyo, tena hufuata ukoo. Ndiyo maana wataalamu wameusaka katika jeni, yaani zile chembe za urithi tuzipatazo kwa baba na mama. Mwaka 2007 ilitoka habari kubwa kutoka Iceland na Sweden. Kuna glakoma ya wazee ambayo unga mweupe, mfano wa jivu, hujikusanya ndani ya jicho na kuziba njia ya maji yake. Watafiti wale waliona kwamba karibu kila mgonjwa wa namna hiyo alikuwa na herufi fulani katika jeni iitwayo LOXL1, ingawa hata wazima wengi walikuwa nayo. Ilidhaniwa kwamba alama ya hatari imekwisha kujulikana.

Basi mwaka 2010 wakachunguzwa wagonjwa weusi wa Afrika Kusini, na mambo yakawa kinyume kabisa. Herufi iliyoitwa ya hatari huko Ulaya haikuwa ya hatari kwao. Ile iliyodhaniwa kuwa kinga ndiyo iliyokutwa zaidi kwa wagonjwa. Ndugu msomaji na alipime jambo hili. Laiti daktari angalitumia kipimo cha Iceland kwa mzee wa Afrika Kusini, angalimwambia mgonjwa aende zake kwa amani, na mzima angalimtia hofu bure.

Wako wasemao kwamba utafiti wa jeni ni anasa kwa nchi ambazo hata dawa ya matone hukosekana katika zahanati. Hoja hiyo ina uzito, wala hatuidharau. Lakini dawa za kesho zinabuniwa leo kwa kufuata jeni zilizokwisha kusomwa, na nyingi ya hizo zimesomwa katika damu za watu wa asili ya Ulaya. Mwaka 2019 watafiti waliokusanya wagonjwa wa Ghana, Nigeria, Afrika Kusini na Marekani walitangaza jeni nyingine, APBB2, ambayo uhusiano wake na glakoma ulionekana kwa wenye asili ya Kiafrika, haukuonekana kwa Wazungu wala kwa watu wa Asia. Nani angaliipata kwa kuchungulia damu za Stockholm peke yake?

Ila damu isiende kama korosho zetu, ambazo kwa miaka mingi zimesafirishwa ghafi, faida ya kubangua ikabaki ng'ambo. Anayetoa damu aelezwe kwa lugha aijuayo itatumiwa kwa kazi gani. Vijana wetu wafundishwe kuisoma hapa hapa, wasiwe wabebaji wa vichupa tu. Na dawa ikipatikana, bei yake ijadiliwe kabla ya damu kupanda ndege, si baada ya hapo.

Wala tusidhani kwamba jambo hili ni la mbali. Katika uchunguzi wa vijiji vya Kongwa, Tanzania, uliotangazwa mwaka 2000, watu zaidi ya 3,200 wenye umri wa miaka 40 na zaidi walipimwa, na karibu 4 katika kila 100 walikuwa na glakoma. Kiwanda chenye wafanyakazi 500 wa umri huo kikifanana na vijiji vile, wenye ugonjwa ni kama 20.

Kwa sasa kipimo kilicho karibu kuliko vyote ni kuulizana nyumbani. Ambaye mzazi wake au ndugu yake wa tumbo moja amepofuka kwa presha ya macho, naye amefika miaka 40, aombe ruhusa kazini aende kupimwa macho, na msimamizi wa kazi asimkate mshahara wa siku hiyo.