KARATASI IKIPOTEA, HAKI NAYO IPOTEE?

Kutoka Unguja hadi Bagamoyo bahari haifiki kilomita 50. Mzigo wetu uliivuka kwa siku moja, kisha ukakaa ghalani siku 17. Haukuzuiwa na kusi wala mawimbi. Ulizuiwa na karatasi.

Ulikuwa majora ya vitambaa na katoni za sabuni, tulivyoletewa kutoka Dubai kwa deni la siku 60. Ushuru ulilipwa Unguja, mzigo ukapakiwa jahazini kwenda bandari moja ndogo ya Mrima, kaskazini ya Dar es Salaam. Pwani zile maji ni haba, chombo husimama mbali na watu hushuka kwa miguu. Mjumbe wetu aliteleza, mkoba ukachukuliwa na maji, na ndani yake mlikuwamo stakabadhi ya ushuru na orodha ya shehena. Karani wa forodha akasema: hapana karatasi, hapana mzigo, ama lipeni tena. Tukarejea Unguja kutaka nakala yenye mhuri. Leo tukaambiwa mkubwa hayupo, kesho mhuri umefungiwa. Siku ya 17 sabuni ilikwisha pata unyevu, mnunuzi wetu alikwisha nunua kwingine, na deni la Dubai lingali shingoni mwetu.

Hatukatai kwamba karatasi ni jambo kubwa katika biashara. Katika meli za ng'ambo, hati ya shehena ndiyo ufunguo wa mali: aliye nayo ndiye apewaye mzigo. Aghalabu hutolewa hati tatu za asili, na moja ikishatumika kuchukulia mzigo, mbili zilizobaki hubatilika. Benki nayo, ikidhamini malipo, hutazama karatasi wala haifungui makasha. Hati zikipotea, wenye meli hudai dhamana ya benki, na mara nyingi dhamana hiyo hupita thamani ya mzigo wenyewe. Tajiri ataipata kwa simu moja. Mwenye duka la mlango mmoja ataipata wapi?

Wazee wetu waliijua hatari hii. Hamed bin Muhammed el Murjebi, aitwaye Tippu Tip, alikwenda bara kwa mali ya mkopo ya Taria Topan wa Unguja. Bagamoyo, Sewa Haji aliziandalia misafara bidhaa na wapagazi. Mali ilitoweka machoni kwa miaka, na deni likabaki hai kwa maandishi na kwa watu walioyajua mapatano.

Na sisi tuliosoma chuoni twaijua aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko aya zote za Kurani. Yaamrisha deni liandikwe, dogo na kubwa, na pamoja na maandishi wawekwe mashahidi. Aya inayofuata yamfikiria msafiri asiyepata mwandishi, ikamruhusu rahani. Basi tuulize: kwa nini mashahidi, ikiwa karatasi yatosha? Ni kwa sababu karatasi ni shahidi wa haki, siyo haki yenyewe. Shahidi mmoja akifa, haki haizikwi naye.

Shahidi wa pili yupo: ni daftari la afisi iliyopokea fedha zetu. Uingereza, ambako sheria nyingi za hati hizi zilitoka, ilipitisha mwaka 2023 sheria ya kuzikubali hati za biashara zisizo za karatasi. Sisi, nchi moja tangu 1964, twamtuma mtu kwa boti kufuata mhuri! Kisha twastaajabu raia wakilalamika miaka nenda miaka rudi kwamba bidhaa za Visiwani hutozwa mara mbili zikifika Bara.

Wapo watakaosema: wafanyabiashara ni waongo, hudai karatasi imepotea ilhali haikuwapo. Ni kweli, wapo. Na hiyo ndiyo sababu ya kufungua daftari, kwani litamfichua mwongo kama litakavyomwokoa mkweli. Sisi nasi tuna kosa: tulituma karatasi zote katika mkoba mmoja, bila ya kubakisha nakala dukani. Kosa hilo tumelilipa. Lakini uzembe wa mkoba haufuti ushuru uliokwisha lipwa.

Twataka mambo matatu. Kwanza, forodha za pande mbili zisomeane madaftari siku ile ile. Pili, aliyepoteza stakabadhi apewe nakala ndani ya siku tatu, na akicheleweshwa na afisi, asitozwe kodi ya ghala. Tatu, ushuru uliothibitika kulipwa usidaiwe tena kwa sababu ya karatasi iliyopotea.

Haya si ya chama wala ya kura. Ni ya sabuni iliyooza ghalani na mdai anayebisha mlangoni. Serikali iliyopokea fedha yetu na ikaiandika haina udhuru wa kusema haikutuona.

Wabillahi tawfiq.