Mji Usio na Wenyeji



Intaneti hufananishwa na mji mkubwa: una masoko, mabaraza na vichochoro, na wakazi wake hawajuani. Mfano huu yafaa tuupime kwa mji tuujuao, nao ni Tabora.

Burton na Speke walipofika Kazeh, Novemba 1857, walikuta mji ulioletwa na njia. Hapo zilikutana safari za Bagamoyo, Ujiji na Karagwe. Mwarabu, Mswahili na Mnyamwezi wakafanya biashara pamoja. Lakini mgeni alikuwa na mwenyeji. Burton alipokewa na Snay bin Amir, na mji mzima ukajua yu mgeni wa nani.

Hata hivyo, njia ile ile iliyoleta nguo, ushanga na barua ilipitisha pia watumwa waliofungwa minyororo. Tena ilipitisha uwongo. Mwaka 1871 Livingstone alirudi Ujiji hali mgonjwa, akakuta bidhaa zake zimekwisha kuuzwa. Mtu aliyekabidhiwa alidai kwamba mwenyewe amekufa! Uwongo wa siku zile ulikwenda kwa miguu. Wa leo huzunguka dunia kabla chai haijapoa.

Basi, tofauti iko wapi? Mji huu mpya hauna wenyeji. Mgeni hapigi hodi. Huingia mkononi mwa mtoto, usiku, wazazi wakidhani amelala. Huenda jina si lake, wala picha si yake. Ni mzazi gani angemwacha binti yake faraghani na mpita njia asiyemjua? Nasi twamwacha na maelfu.

Je, tuzivunje simu? La. Njia huleta elimu na riziki pia, wala Tabora haikustawi kwa kuifunga. Lililo juu yetu ni kuurudisha uenyeji. Kwanza, usiku simu ya mtoto ilale kwa wazazi. Pili, tuwajue wanaozungumza naye, tukimwuliza kwa upole. Kwani mtoto aogopaye fimbo huficha hata pale anapoonewa. Tatu, habari tuichunguze kabla ya kuipeleka mbele, kama tulivyoamrishwa katika Sura ya Hujurat. Na watoto watuone tukifanya hivyo, maana hujifunza kwa macho kuliko kwa masikio.

Mlango wa nyumba ni amana, ujapokuwa mdogo wa kutosha kiganjani. Mwenyezi Mungu atujalie kuwa walinzi wema wa milango yetu. Amin.