Nguvu za Mchezaji Si za Miguu Peke Yake

Kakamega ni mji wa mpira, na sifa za vijana wa Kakamega School, waitwao Green Commandos, zajulikana Kenya nzima. Lakini katika uwanja wa Bukhungu watazamaji husifu miguu tu: mbio, chenga na mkwaju. Ni wachache wautazamao mgongo, tumbo na kiuno, nako ndiko litegemeako teke kali. Kijana ambaye kiwiliwili chake ni dhaifu huyumba akisukumwa, na mara nyingi goti ndilo lilipalo deni hilo.

Enyi vijana, zoezi lifaalo halihitaji vyuma wala fedha. Lala kifudifudi juu ya nyasi, kisha jiinue kwa viwiko na ncha za vidole vya miguu. Mwili unyooke kama ubao, kiuno kisibonyee. Kaa hivyo sekunde 20 hadi 30, mara 3. Kisha geukia ubavu wa kulia, na wa kushoto.

Zoezi hili limo katika utaratibu wa FIFA uitwao "11+", wa dakika 20. Huko Norwei wasichana wa miaka 13 hadi 17 waliufuata, na mwaka 2008 ilitangazwa kwamba majeraha mabaya yalipungua karibu nusu.

Basi walimu wa michezo, tengeni dakika hizo walau mara 2 kwa juma, kabla ya mchezo kuanza. Goti likivunjika utotoni, huenda mchezaji asirudi uwanjani kamwe.